Bushiri na Nyumba Yake ya Magurudumu Manne

"Mama Shamila, hebu nieleze, huyu mdogo wako anakaa Makole au anaegesha Makole?"

Aliyeniuliza hivyo ni jirani yangu Jenifa, asubuhi moja tukifagia hapa Makole, mjini Dodoma, yeye upande wake wa ua wa minyaa na mimi upande wangu. Mdogo wangu aliyekuwa akimsema ni Bushiri, mtoto wa baba yangu mdogo. Wakati ule Jenifa anauliza, miguu ya Bushiri ilikuwa imechomoza nyuma ya pikapu uani kwangu, soksi moja ina tundu kwenye kidole gumba. Nilimjibu kwamba Bushiri anakaa pale alipo. Jenifa akaegemea ufagio akacheka mpaka mbwa wake akaamka. Yeye ni Mgogo, na sisi babu zetu walikuja na misafara kutoka Unyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu, na mtani hakasirikiwi. Ila swali lake lilinikaa, maana hata mimi nilikuwa sijui jibu.

Bushiri alikuwa stookipa wa shirika moja la umma kwa miaka kumi na tisa. Misumari, bawaba, magunia, kila kitu kilikuwa na rafu yake na namba yake. Waliofanya naye kazi wananiambia ukimwomba bawaba za inchi tatu anaingia gizani bila taa na kurudi nazo, na kwamba katika miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akisema "sijui." Ilipokuja hii miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa na mashirika yakaanza kufungwa, na lake likafungwa mwaka tisini na mbili. Akapewa kiinua mgongo chake, akanunua pikapu iliyokuwa imeotewa na majani hadi kwenye injini, akaifufua, akaanza kuzunguka na nguo za mitumba kwenye minada. Leo Kibaigwa, kesho Hombolo, keshokutwa Chamwino. Mke wake alishatangulia mbele ya haki zamani, na Mungu hakuwajalia mtoto. Chumba alichokuwa amepanga akakirudisha.

"Nilipie chumba alale nani, dada?" aliniambia. "Panya?"

Basi akajenga chumba juu ya bodi ya pikapu. Kuta za mbao nyembamba, paa la bati, dirisha moja la wavu wa mbu. Kwa nje kinachekesha, mtu akikiona kwa mbali anadhani kabati la nguo linahama. Kwa ndani, wallahi, nilikuwa sijaona akili ya namna ile. Kitanda kimeinuliwa, na chini yake kuna marobota ya mitumba upande mmoja na droo tatu ndefu upande mwingine, za kuvuta kwa nyuma. Vyuma vya kutelezeshea droo hakupata, akazipaka mshumaa, zikawa zinateleza kama samli. Beleshi, jembe na jeki amevibana ubavuni kwa nje, kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi, gari liruke mashimo mangapi havitoi sauti. Sufuria zimeingia moja ndani ya nyingine, kati ya moja na moja kuna kitambaa. Chemni ya taa anailaza ndani ya soksi. Juu ya paa amezungusha mpira mweusi mnene wenye maji, jua la Dodoma linaupiga mchana kutwa, na alasiri anafungua koki anatawadha kwa maji ya vuguvugu. Mlango wa nyuma wa bodi ukiuteremsha na kuutilia miguu miwili, unakuwa meza ya kuuzia. Msala wake unakaa juu ya kioo cha mbele, ameubana kwa mipira miwili, akinyoosha mkono tu anao.

Jenifa hakuridhika na maneno. Siku moja alikuja kukagua mwenyewe, mikono nyuma kama bibi afya.

"Unga?"

"Droo ya pili," Bushiri akamjibu bila kugeuka.

"Mayai?"

"Ndani ya unga. Humo hayagongani."

"Mafuta ya taa?"

"Nje, kulia, nyuma ya tairi. Unga na mafuta ya taa ni wake wenza wasiosalimiana, shemeji. Kila mmoja na upande wake."

"Mkaa?"

"Kwenye debe, kushoto. Na jiko juu yake, linapoa tukiwa njiani."

Jenifa akavuta droo, akachungulia, akaisukuma. Nilijua anatafuta pa kumchoma.

"Na mke?" akauliza. "Mke atalala droo ya ngapi?"

Bushiri, aliyekuwa na jibu la kila kitu, akainamia tairi kana kwamba lina pancha. Shingo ikamwiva. Hapo ndipo nilipojua kwamba yupo mtu.

Alikuwa anaitwa Salwa. Mjane, umri wake kama arobaini, anauza chai na vitumbua kwenye mnada wa Chamwino, na nyumba yake iko hapo hapo nyuma ya mnada. Walijuana kwa sindano. Mkoba wa Salwa ulikuwa umekatika mkanda siku ya mnada, akauliza wachuuzi wote kama kuna mwenye sindano, wakamcheka. Bushiri akamwuliza, ya nguo au ya gunia? Kabla mama wa watu hajamaliza kushangaa, sindano ya gunia ilikuwa mkononi mwake na uzi umeshapitishwa.

Nilikwenda kumwona kimya kimya, kama inavyompasa dada. Alinipa kiti na chai, akanieleza mambo yake bila kuficha.

"Dada, marehemu mume wangu alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu. Ila alikuwa anapoteza vitu. Nimetafuta funguo, nimetafuta koti, nimetafuta mbuzi aliyefungwa na mume wangu kwa watu ambao hata yeye hawakumbuki. Siku ya ndoa yetu alipoteza kiatu kimoja, sheikh nusura aondoke. Miaka kumi na sita. Watu wakioana kwa uzuri ni shauri yao, mimi nikiolewa tena naolewa na mtu anayejua kitu chake kilipo."

"Na huyu?" nilimwuliza.

Akatabasamu kidogo. "Huyu naambiwa anajua. Nangoja nione."

Nilirudi Makole nimefurahi. Nilimwambia Bushiri kila neno, naye alilisikiliza kama mtu anayesomewa masharti ya kazi. Kisha ikapangwa. Kaka yake Salwa, Abbasi, anafanya kazi reli Morogoro, naye ndiye angepokea barua ya posa. Angekuja Chamwino Jumapili moja tu na kuondoka Jumatatu alfajiri. Kupata ruhusa nyingine ingekuwa mpaka mwakani.

Barua niliiandika mimi. Shule niliishia darasa la nne, lakini mwalimu wangu aliusifia mwandiko wangu mbele ya darasa, na tangu hapo barua za posa za ukoo zinaletwa kwangu. Niliiandika mara tatu, ya tatu ikatoka bila kufuta. Bushiri akatoa kitambaa, na ndani yake pete ya fedha ya marehemu mama yake. Haikuwa imetoka kwenye kitambaa kile tangu siku tuliyomzika. Tukaikunja ndani ya barua, tukaifunga kwa uzi. Ilikuwa Alhamisi jioni.

"Kaiweke pazuri," nilimwambia.

Nafikiri hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. La pili lilikuja kesho yake.

Ijumaa saa saba, Bushiri yuko msikitini, lori likasimama mlangoni kwangu. Akashuka Yotham, kijana wa Chamwino anayeuza mbuzi mnadani, rafiki yake Bushiri. Alinipa shikamoo, akaeleza shida yao. Baba yake, mzee Matonya, alikuwa amefariki usiku ule. Walikuwa wanatafuta turubai.

Hapa kwetu mtu akija kuomba turubai la msiba, hata kama umelianikia mahindi unayamwaga chini unampa. Nilikwenda kwenye pikapu mwenyewe. Turubai la Bushiri linakaa nyuma ya kitanda, limekunjwa kama leso, na mabomba yake manne ya chuma ya kulisimamishia yamelazwa kando. Nilimsaidia Yotham kuyapakia. Nikawapa pole, nikawapa na mkeka, nikaona nimetenda jambo jema la Ijumaa.

Bushiri aliporudi aliona kabla sijasema.

"Dada, turubai liko wapi?"

"Limekwenda msibani. Mzee Matonya ametutoka."

"Inna lillahi." Akavua kofia. Akachungulia nyuma ya kitanda, halafu akauliza polepole, "Na mabomba?"

"Sasa turubai litasimama na nini, Bushiri?"

Akakaa kwenye mlango wa bodi. Ndipo akaniambia. Kwenye minada wezi wanachana mabegi, wanaiba redio, wanaiba viatu mtu akiwa amevivaa nusu. Lakini hakuna mwizi anayeiba bomba la turubai. Kwa hiyo vitu vyake vya maana anavitumbukiza ndani ya bomba, na mdomo wa chini wa bomba anauziba kwa gunzi la mahindi.

"Barua imo humo?"

"Na pete."

"Bomba lipi?"

"Lina alama ya rangi nyekundu. Ukiiona tu unalijua."

"Alama iko wapi?"

"Kwenye ncha. Chini."

"Ile ncha wanayochimbia ardhini?"



Jumamosi Bushiri alikwenda kuzika, akarudi jioni na habari mbaya zaidi. Turubai letu limeunganishwa na la kanisa na la shule, limekuwa kama uwanja. Mabomba yako kumi na mawili, yote ya chuma, yote yana kutu sawasawa, na yote yamechimbiwa. Hayang'olewi mpaka matanga yaanuliwe Jumatatu mchana, na wakati huo Abbasi angekuwa ndani ya treni.

"Barua naweza kuandika nyingine usiku huu," nilimwambia.

"Na pete ya mama?"

"Basi twende tukamwambie Salwa ukweli."

"Nikamwambie nini, dada? Kwamba nimepoteza? Siku ya posa yenyewe? Mwanamke amesema kitu kimoja tu anachotaka duniani."

Nilikwenda kuswali.

Jumapili saa tatu tulikuwa Chamwino. Bushiri alikuwa amevaa kanzu ya pasi. Alihani vizuri, akampa kila mtu mkono, halafu akaenda kukaa chini ya turubai, karibu kabisa na bomba la kwanza. Mimi nilipita nyuma kwenye mafiga, maana ndiko wanawake waliko, na Salwa alikuwa huko akikoroga sufuria kubwa ya chai. Pale Chamwino hawaulizani nani anaswali wapi. Ukifiwa, jirani anakuja na kuni.

Kutoka kwenye mafiga nilikuwa namwona Bushiri vizuri, na laiti nisingemwona. Alianza kwa kuligonga bomba kwa kifundo cha kidole, taratibu, sikio kando. Akahamia la pili, akaligonga. Kufika la tatu uvumilivu ukamwisha, akalikumbatia na kujaribu kuliinua. Turubai likatikisika kote, na vumbi la siku tatu likaangukia chai ya mzee Anthony, mdogo wake marehemu.

Mzee akaiangalia chai yake, akamwangalia Bushiri.

"Mwanangu, marehemu alikuwa nani wako?"

"Baba wa rafiki yangu."

"Ulimpenda sana, naona."

"Alikuwa mtu mwema, baba."

"Kaza moyo. Njia yetu sote ni hiyo hiyo." Akamgonga begani. "Sasa liachie bomba."

Bushiri akaliachia. Akaenda kulikumbatia la nne.

Minong'ono ikaanza upande wa kina mama. Mmoja akasema yule Mwislamu ana uchungu kuliko wafiwa. Mwingine, bibi mmoja mwenye macho makali, akauliza, "Huyu si wa wale watu wa Makole, wajukuu wa Wanyamwezi?"

"Ndiye," wakamjibu.

"Basi nyie mnababaika nini? Huyo ni mtani. Anataka kutubomolea matanga mpaka tumlipe."

Niliona uso wa mzee Anthony ukifunguka kama dirisha. Maana ndiyo desturi, mtani akija msibani ana ruhusa ya kuwasumbua wafiwa, ajilaze kaburini, azuie mlango, amwigize marehemu anavyotembea, na haondoki mpaka apewe kitu. Wafiwa wanacheka hata kama hawakutaka, na kucheka kule kunawasaidia. Tangu Ijumaa mtani hakuwa ametokea, na walikuwa wameona ni upungufu.

"Kumbe," mzee akasema. "Nami nampa pole. Haya, mpeni kuku huyu atuachie nguzo zetu."

Kuku akaletwa, jogoo mwekundu, akatiwa mikononi mwa Bushiri. Yeye akasimama naye, kanzu nyeupe, jogoo kwapani, hajui aseme nini. Halafu akaenda kwenye bomba la tano na kulitia sikio.

Turubai zima likaangua kicheko.

"Jogoo mmoja hajamtosha. Wanyamwezi hawa wana tumbo."

"Kitafuteni kibuzi."

"Mwambieni marehemu hakuacha ng'ombe, aache kugonga."

Yotham alicheka mpaka akajifuta machozi, akamfuata Bushiri, akamshika mkono. "Kaka, nakujua mwaka wa pili sasa, sikujua una utani hivi. Baba angefurahi sana." Baada ya maneno kama hayo, Bushiri angewezaje kumwambia kwamba si utani?

"Dada," Salwa akaniita kwa sauti ya chini. "Kaka yangu amevaa kanzu tangu saa mbili, yuko nyumbani anangoja barua. Mgeni wake mbona anacheza na mabomba?"

Sijazoea kusema uongo, na pale msibani ningeanzaje. Nikakoroga chai.

"Haijatiwa sukari bado hiyo," Salwa akasema, akiniangalia. "Unakoroga nini?"

Mara Abbasi mwenyewe akatokea, mtu mrefu, kanzu yake fupi kidogo. Alinisalimu kwa adabu, akatazama chini ya turubai.

"Ndiye yule mwenye jogoo?"

"Ndiye, baba."

"Mnasema ni mtu wa utaratibu."

"Ni mtu wa utaratibu."

Akaangalia saa yake. "Mama yangu, mimi sina neno baya naye. Nitakaa mpaka adhuhuri. Adhana ikilia sijapokea kitu mkononi, nitajua hakuna posa, na sitamlaumu mtu." Akarudi nyumbani.

Ilikuwa imebaki kama nusu saa. Salwa akajaza vikombe, akavipanga kwenye sinia, akajifunga kanga vizuri na kuelekea turubaini. Nikamfuata na birika ambalo halikuwa na kitu.

Bushiri alikuwa amefika bomba la nane. Jasho lilikuwa linamtoka, na jogoo alikuwa amechoka kupigana, ametulia kwapani kama redio.

"Bushiri. Chai."

"Ahsante."

"Utaipokea kwa mkono upi?" Salwa akamwuliza. "Nasikia kila kitu chako kina mahali pake. Huyu jogoo anakaa droo ya ngapi?"

Wazee waliokuwa karibu wakacheka. Bushiri hakucheka. Salwa akamtazama vizuri, kwa jinsi mwanamke anavyomtazama mtu anayefikiria kumpikia maisha yote, na utani ukamtoka usoni.

"Umepoteza nini?" akamwuliza.

Mlango ulikuwa wazi mbele yake. Msiba mzima ulikuwa umeshampa jibu, aseme ni utani tu, acheke, aende akanywe chai, na barua tungeitafuta Jumatatu. Nilimwona analifikiria. Aliniangalia. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo, wala siombi pete ipatikane, naomba tu mdogo wangu asiseme uongo chini ya turubai la msiba. Salwa akaliweka sinia juu ya benchi. Bushiri akanikabidhi jogoo, akafuta mikono kwenye kanzu, akamsogelea hatua moja. Hakusema kwa nguvu, waliokaa nyuma hawakusikia.

"Salwa, barua ya posa imo ndani ya bomba mojawapo kati ya haya, pamoja na pete ya mama yangu, nami sijui ni lipi. Naomba unisaidie kutafuta."

Salwa akajifunga kanga upya, akaenda moja kwa moja kwenye bomba la tisa.